Sura ya Tano: Rangi ya Siku ya Kidonge

Katika kazi yake ya upelelezi mjini Likasi, Inspekta Marlène Kaumba alikuwa amewatafuta wezi wa nyaya za shaba, amemtafuta mume aliyetoroka na jenereta ya shemeji yake, na mwaka mmoja alitafuta sanamu ya Bikira Maria iliyotoweka parokiani wiki ya Pasaka. Kumtafuta mwenye mkojo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Kamanda alipompa faili alicheka mpaka akajifuta machozi, na kabla ya saa ya chakula kituo kizima cha polisi kilikuwa kimeshambandika jina jipya ambalo hakuna mama angependa kuitwa. Marlène aliwaacha wamalize kucheka. Alipanda pikipiki mpaka mtaa wa Panda, akaingia kwenye maabara ya kituo cha wagonjwa wa ukoma, akasimama mbele ya jokofu lililofunguliwa wazi.

Ndani yake mlikuwa na chupa ndogo za plastiki za rangi ya kahawia, zimepangwa mstari mmoja, kila moja na jina lake.

"Njo ile ya katikati, mama inspecteur," alisema Daktari Colette Ngalula. Alikuwa mwanamke mwembamba, mtoto wa familia ya Kasai iliyohamia huku tangu enzi za babu zake, na uso wake ulionyesha kwamba siku hizi usingizi na yeye hawaelewani. "Jina ni ya Gauthier Mwelwa. Lakini minye siamini mukojo ni yake."

"Niambie kwanza mukojo inasema nini, docteur. Minye sikusoma mambo ya dawa."

Daktari alieleza, na alieleza vizuri, kwa kuwa ndilo jambo lililomleta Panda. Ukoma wenyewe una dawa na unapona. Kinachowalemaza watu ni yale mashambulizi yanayokuja ghafla, mwili unapougeukia ugonjwa kwa hasira na mishipa ya fahamu ikavimba katikati ya ugomvi huo. Mgonjwa analala na mkono mzima, na baada ya siku chache vidole vimepinda. Siku zote madaktari walikuwa wakingoja mpaka maumivu yaonekane, na yakionekana mara nyingi wamechelewa. Sasa kituo hiki kilikuwa kinajaribu kipimo kipya. Mishipa ikianza tu kuchokozeka, mwili unamwaga alama fulani kwenye mkojo, na karatasi ya kipimo inazikamata mapema.

"Ni sawa harufu ya bukari yenye inaungua mu sufuria," alisema. "Unaisikia kabla moshi ijae mu jikoni. Ile chupa ya Gauthier ilitoa alama kali sana. Tulimwita mbio. Nilimushika mishipa yote, nilimupima mikono na miguu. Hakuna kintu. Na kiwango ile, nimeionaka tu kwa bantu benye balikuwa karibu kulia na maumivu. Nikamuomba mukojo ingine, akakatala. Akasema ametoka kukojoa. Kiisha akatoka, na hakurudia tena hapa."

"Na kama mukojo haiko yake?"

"Basi kuko muntu ingine kule inje, mishipa inawaka, na hajue. Dawa ya kuzima ile moto ninayo hapa, mu armoire, kabati ya dawa. Lakini ni dawa kali. Siwezi kuigawa mu Panda yote sawa mukate. Niambie nani, na nitaokoa mukono yake. Tukichelewa, sitakuwa na kintu ya kumupa."

Marlène alielewa basi kwamba faili hili halikuwa la kuchekesha hata kidogo. Alivuta kiti, akamgeukia mtu wa tatu mle chumbani, Hervé, fundi wa maabara, kijana wa miraba minne aliyekuwa amekunja mikono kifuani tangu polisi aingie. Daktari alikuwa ameandika katika mashtaka aliyopeleka polisi kwamba huenda Hervé amechanganya majina. Tangu hapo wawili hao walikuwa wanasalimiana kwa nidhamu tu.

"Papa Hervé, chupa ikifika, inafikaka namna gani?"

"Imefungwa. Mugonjwa anafunga kizibo yeye mwenyewe, anazungusha sparadra, ile utepe ya kunata, anaweka saini yake juu. Minye siifungue peke yangu hata siku moja."

"Ile ya Gauthier uliifungua mbele ya nani?"

Hervé alimwelekezea daktari kidevu. Daktari Colette akashusha macho.

"Mbele yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Sparadra ilikuwa muzima, na saini yake. Tukaipima palepale, wote wawili."

"Sasa Hervé angeichanganya saa gani, docteur?"

Hervé alikunjua mikono yake na kuanza kupanga glavu zilizokuwa tayari zimepangwa. Marlène hakutaka kumkomoa daktari, kwa hiyo aliendelea haraka.

"Mwenye kubadilisha alibadilisha kabla chupa ifungwe. Wanajaza wapi?"

"Kwabo ku nyumba," alisema daktari. "Hapa banasikia haya. Tunawapa chupa asubui, banarudisha mbele ya midi, kabla saa sita."

"Na ju ya nini chupa ni za kahawia?"

"Mwangaza inaharibu kile kintu tunatafuta," Hervé alidakia. "Natoa matone mbili tatu na pipette, naweka ku karatasi, nafunga tena."

"Kwa hiyo hakuna muntu aliona hii mikojo kwa macho."

Hervé na daktari walitazamana kwa mara ya kwanza siku hiyo bila uadui. Marlène aliomba vikombe vya kioo. Daktari alipinga, masalio yale yalipaswa kwenda Lubumbashi kupimwa upya, lakini inspekta alishikilia kwamba kidogo tu kutoka kila chupa kitatosha. Hervé alimimina, kikombe baada ya kikombe, kwenye meza iliyo chini ya dirisha. Mkojo wa kwanza ulikuwa mwekundu wa chai isiyo na maziwa. Wa pili vivyo hivyo, na wa tatu, na wa nne. Alipofika kwenye chupa ya katikati mkono wake ulisita hewani.

Ule ulikuwa wa manjano hafifu, mkojo wa mtu yeyote.

"Mungu wangu," alisema Daktari Colette, akajipiga kofi la paji la uso. "Rifampicine! Ilikuwa siku ya kidonge!"

Alieleza huku akizunguka meza. Mara moja kwa mwezi kila mgonjwa anameza kidonge kikubwa mbele ya muuguzi, na siku hiyo mkojo wake unatoka mwekundu. Wanaonywa mapema wasishtuke. Chupa zote hizi zilijazwa asubuhi ileile, baada ya kidonge. Gauthier alimeza cha kwake mbele ya daktari mwenyewe, akafungua mdomo kuonyesha kwamba kimeshuka.

"Kwa hiyo mwenye hii hakumeza," alisema Marlène.

"Hakumeza. Na bagonjwa yangu yote balimeza. Haiko mugonjwa yangu, mama. Ni muntu mwenye hata hajue iko na bukoma." Daktari aliketi. "Tunatafuta muntu mwenye hayuko mu liste ya muntu yeyote."

Marlène alikwisha simama. Hesabu aliyokuwa nayo kichwani ilikuwa fupi. Gauthier alipewa chupa asubuhi, akairudisha kabla ya adhuhuri, na alikuja na kurudi kwa miguu. Mwenye mkojo hakuwa mbali. Alimwomba Hervé ampimie kiasi cha ule wa manjano kwenye kichupa cheupe cha kioo, akakifunga kwenye leso, akatia mfukoni mwa koti la serikali.

Kwenye faili kazi ya Gauthier iliandikwa kuwa soudeur, fundi wa kuchomelea, na karakana yenyewe ilikuwa barabara ya pili nyuma ya kambi ya zamani ya wafanyakazi, kwenye yadi iliyojaa madirisha ya chuma na vitanda visivyo na magodoro. Mwenye yadi, mzee Constantin, alikuwa anachomelea geti. Alipoona koti la polisi alizima mashine na kuinua barakoa.

"Gauthier? Atakuja, mama. Anakujaka."

"Anafanyaka kazi hapa?"

Constantin alijikuna shingo. "Anakuja asubui, anavaa tablier, anasimama pale ku barabara. Bibi yake akipita soko anamuona bwana iko kazini, anasikia muzuri. Kiisha anatundika tablier ku musumari."

"Kiisha anaenda wapi?"

"Minye sichungulie mambo ya bantu."

Aprini yenyewe ilikuwa pale msumarini, na haikuwa na hata tundu moja la cheche. Marlène alijiona amekwisha lipata jibu. Mwanamume anayemdanganya mkewe kila asubuhi, anayepotea mchana kutwa, na ambaye ana mkojo wa mtu mwingine: huyo ana deuxième bureau mahali fulani, nyumba ndogo yenye pazia jipya na mwanamke asiyeuliza maswali. Alikwisha anza kujipangia namna ya kumhoji huyo mwanamke bila kuvunja ndoa ya watu. Ndipo geti dogo likasukumwa na Gauthier akaingia.

Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, mabega mapana, na kwenye shavu lake la kushoto kulikuwa na doa jepesi ambalo mtu asingeligundua bila kuambiwa. Macho ya Marlène yalishuka moja kwa moja mpaka viatuni. Mvua ya mwisho Panda ilikuwa imesahaulika, vumbi lilikuwa limekaa mpaka kwenye majani ya miti, lakini viatu vya Gauthier vilikuwa na matope mabichi mpaka kwenye kamba. Mtu anayetoka nyumba ndogo harudi na matope. Marlène alilitupilia mbali wazo la pazia jipya na akajicheka kimoyomoyo.

"Gauthier Mwelwa? Inspecteur Kaumba. Sikukuja kukufunga. Niko na swali moja. Ile siku ya kidonge, mukojo yako ilitoka rangi gani?"

Alikuwa amejiandaa kwa swali lingine lolote, si hilo. Alitabasamu kidogo. "Nyekundu, mama. Sawa siku yote ya kidonge. Mwezi ya kwanza nilizani nakufa."

Marlène alifungua leso na kukiweka kile kichupa cheupe juu ya benchi la chuma, kwenye jua.

"Hii ilitoka mu chupa yako. Saini yako ilikuwa juu."

Gauthier alikitazama. Tabasamu lilikaa usoni kwa muda kisha likajiondokea lenyewe.

"Mashini iliharibika."

"Hakuna mashini hapa. Kuko macho yangu na yako."

Mzee Constantin alikumbuka ghafla kwamba ana kazi upande wa pili wa yadi. Gauthier alijifuta midomo kwa mgongo wa mkono.

"Na kama muntu anakatala kutoa mukojo yake, iko na kosa gani? Kila muntu anajua mashini yenu inatafuta nini."

"Inatafuta nini?"

"Mama, musitufanye batoto. Zamani, bachercheurs balipita mu avenue yetu na vichupa. Balisema ni ju ya afya. Tukawapa. Kiisha balirudi kutwambia mukojo yetu iko na cobalt, iko na uranium. Mukojo inasema muntu anashinda wapi. Inamusema vizuri kupita ndumba." Alisita, akaona amesema mengi, akamalizia kwa ukaidi. "Bon. Sasa badocteurs banatuambia tulete mukojo kila mwezi, na wa kwanza kukuja kuniuliza ni polisi. Nilikuwa na haki ya kuogopa ao sikuwa nayo?"

Marlène hakuwa mgeni wa jambo hilo. Alizaliwa hapahapa, aliwakumbuka watafiti wale na masanduku yao ya barafu, alikuwa amekojoa kwenye kichupa chao yeye mwenyewe. Kwingineko duniani mtu angeogopa kupimwa mkojo kwa ajili ya sukari au bangi. Hapa watu walifundishwa na wasomi wenyewe kwamba mkojo unajua madini. Kwa alichokijua Gauthier, alikuwa amefikiri sawasawa kabisa, na hilo ndilo lililomkasirisha inspekta, kwamba mtu anaweza kufikiri sawasawa na bado akamponza mwenzake.

"Shinkolobwe," alisema.

Gauthier alitazama geti. Mgodi ule wa uranium, wenye mashimo yasiyokauka matope, ulifungwa rasmi zamani, na aliyekamatwa akichimba kule hakurudi na habari nzuri. Gauthier hakukimbia. Mabega tu yalishuka.

"Nisikie," Marlène alisema. "Ile kipimo haione mangodi. Inaona tu mishipa yenye inataka kuungua. Hata ukilala ku Shinkolobwe mwaka muzima, haijue."

"Njo yenye polisi atasema."

"Usiniamini, basi. Lakini sikia hii ingine. Muntu mwenye alitoa hii mukojo iko na bukoma. Mishipa yake inawaka, tena mubaya. Ile dawa iko mu armoire ya docteur Colette, na hatujue tumupelekee nani. Tukikawia, vidole vyake vitapinda na hakuna docteur atavinyoosha."

Gauthier alicheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha mtu aliyeona polisi amejikwaa.

"Haiwezi, mama. Vraiment, haiwezi. Nilichagua mu—"

Akauma ulimi.

"Ulichagua muntu muzima kupita wote," Marlène alimmalizia. "Mwenye hakanyake mangodi. Mwenye iko karibu. Ulitoka kituo na chupa mu mukono, ukaenda kwako mbio, ukarudi mbele ya midi."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Gauthier alishika ukingo wa benchi, na Marlène aliona hofu ya mgodi ikiondoka usoni mwake na nyingine kubwa zaidi ikikaa mahali pake.

"Anajua uko na bukoma?" aliuliza kwa upole.

Alitikisa kichwa. "Nilimwambia hii madoa ni moto ya soudure," alisema. "Bantu bakisikia bukoma, banakutengea sahani. Sikutaka anitengee sahani."

"Twende."

Nyumba ilikuwa ya matofali, ya kambi ya zamani, na mbele ya mlango mwanamke kijana alikuwa ameketi kwenye cherehani ya miguu, akishona blauzi za wanakwaya za kitambaa cha buluu. Kando yake, ndani ya beseni lililotandikwa khanga, mtoto mchanga alikuwa amelala ngumi zimekunjwa. Pasi ya makaa ilikuwa inafuka moshi juu ya kigae. Mwanamke aliinua macho, akaona koti la polisi, akamwona mumewe, na badala ya kuogopa akatabasamu.

"Baba Jenny, kumbe unarudi na bageni! Ni bantu ya kituo? Majibu ya mukojo yangu imetoka?"

Gauthier aliinama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Alikuambia ilikuwa ya nini, Mama Jenny?" Marlène aliuliza.

"Ju ya kuzaa. Alisema badocteurs banataka kuona kama damu yangu ilirudi muzuri." Cathy, ndilo jina lake, alisogeza kiti kwa ajili ya mgeni. Alipokivuta Marlène aliona, pembeni mwa mkono wa kulia chini ya kidole cha mwisho, lengelenge kubwa la kuungua lililokuwa limepasuka.

"Uliungua lini, mama?"

"Wapi?" Cathy aligeuza mkono. Alilitazama lengelenge kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyekuta doa kwenye nguo mpya. "Kwani! Ni pasi. Sikusikia hata."

Marlène alijua basi kwamba mkono usiosikia moto ndio waliokuwa wanautafuta. Alimgeukia Gauthier. "Minye si docteur na sina ruhusa ya kusema siri yako. Utasema weye, hapa, sasa. Gari ya kituo tunaiita kiisha."

Gauthier alichuchumaa mbele ya cherehani mpaka macho yake na ya mkewe yakawa sawa. Alisema yote bila kupamba. Kwamba madoa yake hayakuwa ya moto. Kwamba ana ukoma na anameza vidonge. Kwamba haendi karakana, anaenda Shinkolobwe, na hilo nalo alilisema mbele ya polisi. Kwamba aliogopa mkojo wake utamsema, akachukua wa mkewe, na huo wa mkewe ndio ulioonyesha moto. Cathy alisikiliza huku mguu wake ukiwa bado juu ya pedali. Alipomaliza, mwanamke alikata uzi kwa meno, akakunja blauzi ya buluu, akaiweka kwenye mfuko.

"Jenny?" aliuliza.

"Docteur atamuangalia leo leo," Marlène alijibu.

"Basi twende," alisema Cathy, na akambeba mtoto yeye mwenyewe, hakumruhusu mumewe kumgusa.

Daktari Colette aliwapokea mlangoni. Alimtazama mtoto kwanza, kwa sababu mama yake hakutaka kuketi kabla ya hapo: ngozi safi, hakuna doa, atafuatiliwa. Kisha akaushika mkono wa Cathy, akapapasa nyuma ya kiwiko, na Cathy akaruka kwa maumivu. Pale, chini ya ngozi, mshipa ulikuwa umenenepa kama kamba ya kiatu. Nyuma ya bega palikuwa na madoa aliyodhani ni joto la mimba. Daktari alimfumbisha macho, akachukua uzi mwembamba wa nailoni na kuanza kumgusa, hapa na pale, na kila akisikia aseme. Kwenye kidole gumba alisema. Kwenye cha shahada alisema. Kwenye kidole cha mwisho uzi uliinama, ukainuka, ukainama tena, na Cathy alikaa akingoja kwa utulivu, macho yamefumbwa, kama mtu ambaye zamu yake haijafika.

Gauthier, aliyesimama ukutani, aligeuza uso.

"Fungua macho, mama. Minya vidole vyangu. Nguvu. Nguvu tena." Daktari alipumua. "Nguvu imeanza kupunguka lakini iko. Kuzaa njo kunaamushaka hii vita mara mingi. Tunaanza dawa sasa hivi, hapa mbele yangu, na vidonge vya bukoma pamoja. Kutoka leo hautaambukiza muntu, na mutoto unamunyonyesha sawa kawaida."

"Nitashona?"

"Mishipa yenye imelala karibuni, mara mingi inaamuka. Sikuapie yote, lakini tumefika kabla ya hasara kubwa. Ukimeza kila siku na ukija kila wiki na mukojo yako, niko na matumaini mukubwa. Ungekuja kisha mwezi moja, nisingekujibu hivi."

Cathy alimeza vidonge, akanywa maji, akaweka kikombe chini. Ndipo alipomtazama mumewe kwa mara ya kwanza tangu watoke nyumbani.

"Ju ya nini yangu? Mama yako iko pale. Ndugu yako iko pale."

"Ju weye njo ulikuwa muzima kupita sisi wote," alisema Gauthier.

Cathy alinyoosha mkono mpaka kwenye trei ya Hervé, akachukua chupa tupu ya kahawia, akamwelekezea mumewe. Cathy alikuwa ameishika kwa ule mkono wake wa kulia. Vidole viwili vya mwisho havikuishika ilivyopaswa. Chupa ilimponyoka, ikagonga saruji, ikabingirika mpaka kwenye buti la inspekta.

Chumba chote kilisikia. Gauthier aliinama, akaiokota karibu kabisa na mguu wa Marlène, na aliposimama walikuwa uso kwa uso. Alitazama nembo ya serikali kwenye koti lake. Bado hakuwa anaamini kwamba kipimo hakijui mgodi, Marlène aliliona hilo wazi, na maneno yoyote ambayo angeongeza yasingebadilisha kitu.

"Mama inspecteur," alisema, "itasema yenye itasema. Niandike unavyotaka."

Akatoka. Uani kulikuwa na mama wengi waliokuja na watoto wa chanjo, na choo kilikuwa upande wa pili kabisa. Aliwapita wote, mchana kweupe, chupa ya wagonjwa wa ukoma mkononi, hakuificha mfukoni wala hakuifunika kwa kiganja. Watu wengine walinyamaza alipopita. Mama mmoja alimvuta mtoto wake karibu. Gauthier hakugeuka.

Cathy alikuwa amesimama dirishani, ameona yote. Alikaa hivyo mpaka mlango wa choo ulipofungwa, kisha akamgeukia Hervé.

"Nipe na minye yangu. Ile ya kwanza niliitoa bila kujua."

Hervé alimpa. Safari hii aliishika kwa mkono wa kushoto. Alitazama huku na huku akimtafuta wa kumwachia mtoto, na aliyekuwa karibu ni polisi.

"Shika Jenny, mama," alisema, na akatoka kumfuata mumewe.

Marlène alimpokea mtoto, akamlaza begani, juu ya koti la serikali, akasimama mlangoni kuwangoja.